Nani Anayegawa Anwani Nyumbani Mwako?

Mkaazi wa Dodoma aliyewahi kushika mkononi hati ya kiwanja iliyotolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile iliyoundwa mwaka 1973 baada ya uamuzi wa kuleta makao makuu ya nchi huku uwandani, na ambayo Rais Magufuli aliivunja mwezi Mei 2017, hahitaji kufundishwa kwamba mtu aweza kukaa mahali, akajenga, akapanda mizabibu uani, na mahali pale pasiwe milki yake kamili. Ardhi ya mji ilikuwa chini ya dhamana ya mgawaji mmoja. Yeye ndiye aliyekata viwanja, akavitia nambari, akamkodisha mwombaji kwa miaka 33, na hati ikawa na siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kadhalika mkaazi huyo anajua, pengine kwa machungu yaliyompata mwenyewe au jirani yake, fitina inayozuka pale kiwanja kimoja kinapoandikwa kwa majina ya watu wawili, kila mmoja akiwa na karatasi yake na kila mmoja akiamini kwa yakini kwamba mwenziwe ni mvamizi.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu katika nyumba nyingi za kata ya Nkuhungu, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016 na mji ukapokea watumishi, wanafunzi, wafanyabiashara na wapangaji wa kila namna, ameingia mgawaji mwingine ambaye watu humtegemea usiku na mchana bila kumjua, naye ni ruta ya waifai iliyowekwa juu ya kabati la televisheni. Kazi yake iliyo dhahiri ni kuleta intaneti. Kazi yake iliyofichika, ambayo ikiharibika ile ya kwanza haifai kitu, ni kukipa kila kifaa kinachoingia nambari ya kukitambulisha, yaani anwani ya IP, kwa muda maalumu. Nashikilia kwamba dhiki nyingi za waifai majumbani mwetu, zile ambazo huwa wepesi kuzitupia kampuni za simu, huzaliwa katika ugawaji huu wa ndani. Na kwamba mwenye nyumba ana haki, na ana wajibu pia, wa kujua nani anayegawa, anagawa nambari ngapi, na kwa muda gani.

Simu inapoingia katika mtandao wa nyumba haina nambari. Huanza kwa kupiga mbiu kwa wote waliomo, ikiuliza kama yupo mgawaji. Ruta ikisikia huitolea nambari moja iliyo wazi. Simu huiomba rasmi nambari ile ile. Ndipo ruta huithibitisha na kuiandika katika daftari lake pamoja na saa ya kwisha. Hatua hizo nne hupita kwa kawaida katika sekunde moja au mbili, na mwenye simu hazioni. Nusu ya muda ikitimia, simu humrudia mgawaji wake kimyakimya kuomba muda uhuishwe. Asipojibu, huendelea kumwomba, na zikiisha sehemu saba katika nane za muda huo huuliza mgawaji yeyote awaye. Kanuni hizi, ziitwazo DHCP, ziliandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell huko Marekani, zikatangazwa Oktoba 1993, zikasahihishwa Machi 1997, na mpaka leo ndizo zinazotawala simu ya mtoto wako na kompyuta ya ofisi ya waziri kwa usawa. Nambari zenyewe, aghalabu zile zinazoanza na 192.168, zilitengwa kwa matumizi ya ndani kwa kaida ya Februari 1996, nazo hazitoki nje ya nyumba. Ndiyo maana nambari iliyomo katika simu yako Nkuhungu yaweza kuwamo vilevile katika simu ya nduguyo aliyeko Muscat, na pasitokee mgongano hata kidogo.

Basi waifai inapogoma, kabla ya kuizima ruta, kabla ya kununua bando, kabla ya kumwita fundi, yafaa mtu aisome nambari hiyo. Aifungue mipangilio ya simu, aliguse jina la mtandao alioingia, atafute palipoandikwa anwani ya IP, na chini yake atafute lango, yaani nambari ya ruta yenyewe. Mistari hiyo miwili ina ushahidi mwingi kuliko dhana zote za sebuleni.

Kompyuta ikionyesha nambari inayoanza na 169.254, maana yake imepiga mbiu na hakuna aliyejibu, hivyo imejitungia nambari yake yenyewe. Windows imekuwa ikifanya hivyo tangu toleo la mwaka 1998, na kanuni yake iliandikwa kikamilifu Mei 2005. Simu za Android hazijitungii; hizo hubaki zikisema zinatafuta anwani ya IP, kisha hukata tamaa na kujitoa. Dalili hizi mbili zina maana moja: mgawaji hayupo, au yupo na hasikii, au yupo na hana tena nambari ya kutoa. Lakini nambari ikiwa ya 192.168, na lango lake likafanana na la vifaa vingine vya nyumba, ilhali hakuna ukurasa unaofunguka, mgawaji ametimiza kazi yake na dosari itafutwe nje: katika bando lililokwisha, katika laini ya kampuni, au mbali zaidi ya hapo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, ule wa EASSy na ule wa SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kuanzia pwani hadi bara. Siku ile anwani za ndani za nyumba zetu zilikuwa salama salimini, na aliyeshinda akiizima na kuiwasha ruta yake alikuwa akiitesa mashine isiyo na kosa.

Nataka nikae kidogo juu ya nyumba ya kupanga, kwa kuwa ndiyo hali ya wengi katika kata hii na ndiyo yenye tatizo lililo gumu kuliko yote kulitambua. Mwenye nyumba ameunganishiwa intaneti ya nyaya, akakubaliana na wapangaji wake wachangie kila mwezi. Mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye mawimbi humfikia kwa taabu kwa kuwa yana kuta za tofali tatu au nne za kupita, ananunua ruta iliyotumika, anavuta waya kutoka ile ya mbele, anauchomeka katika tundu lolote linaloingia, na anafurahi kuona taa zinawaka. Kwa kitendo hicho, kilichofanywa kwa nia njema, nyumba imepata wagawaji wawili. Kila ruta inatoka kiwandani ikiwa tayari kugawa. Na waya ukiingia katika tundu la vifaa vya ndani badala ya lile la kuletea intaneti, wagawaji hao wawili wanasikia mbiu zilezile, na kanuni haina kipengele cha kumtambua aliye wa halali: aliyejibu mwanzo ndiye anayekubaliwa aghalabu. Simu iliyojibiwa na ruta ya mbele inapata lango la kweli. Iliyojibiwa na ruta ya nyuma inaelekezwa kwenye lango lisilofika popote. Asubuhi mama wa chumba cha kwanza hana intaneti na mwanafunzi wa chumba cha nne anayo. Jioni mambo yamegeuka. Kesho wote wanayo. Keshokutwa ugomvi unaanza, huyu akimshuku yule kwamba amembania, na mwenye nyumba akiishuku kampuni, na kampuni, ikipigiwa, ikipima laini yake na kuiona nzima.

Hapo ndipo kuzima na kuwasha, dawa tunayoipenda mno, hugeuka kuwa adui wa ukweli. Kila uzimapo unawalazimisha watu waombe nambari upya, na kura inapigwa upya. Wengine wanapona kwa bahati, wengine wanaugua, na aliyepona anahitimisha kwamba dawa imefaa. Dawa ya haki ni kulinganisha lango la simu iliyo nzima na la simu iliyo mgonjwa: yakitofautiana, mgawaji wa pili yumo nyumbani na hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Tena ruta ya pili haina haja ya kutupwa. Izimwe kazi yake ya kugawa katika mipangilio yake, ipewe nambari yake yenyewe isiyogongana na ya kwanza wala kuingia katika fungu la kugawa, waya uingie katika tundu la ndani, nayo itabaki kuwa mpeleka mawimbi tu, kazi ambayo mpangaji wetu aliinunulia tangu mwanzo. Na mawimbi yenyewe yakiwa dhaifu, hata mgawaji mmoja mwaminifu hushindwa: majibu yake mengine hutolewa kwa mbiu ya jumla, na mbiu ya namna hiyo katika waifai haina risiti wala haikaririwi ikipotea, hivyo simu ya chumba cha nyuma yaweza kuona jina la mtandao likiwa na vijiti viwili na bado isipate nambari.

Sababu ya pili ya dhiki hizi ni umeme. Si siri kwamba unakatika, na unaporudi hurudi kwa nyumba nzima kwa mara moja. Ruta nyingi za bei nafuu huliweka daftari la nambari katika kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika; simu, zenye betri zao, hazikuzimika, na nyingine zinaendelea kujiona zina haki ya nambari zilizopewa jana. Ruta inaamka haimkumbuki mtu, na inaanza kugawa kana kwamba fungu lote ni wazi. Kanuni ya 1997 inamshauri mgawaji apige hodi kwanza kwenye nambari kabla ya kuitoa, na inaishauri simu nayo ichunguze kabla ya kuipokea, ikiona ina mwenyewe iikatae. Lakini ushauri si amri, na si kila ruta inautii, wala si kila simu inayoitika hodi wakati imelala mfukoni. Kwa hiyo nambari moja yaweza kuwa na wenyewe wawili, na hapo tumekirudia kile kiwanja chenye hati mbili: data ya huyu humwendea yule, miunganisho hukatika katikati, na kila kifaa peke yake hupimwa na kuonekana hakina kasoro. Kompyuta nazo, zikiwaka kabla ruta haijawa tayari, hujitungia zile nambari za 169.254. Umeme ukirudi, basi, ruta iachwe kwanza iwake hadi taa zake zitulie, ndipo waifai ya kila kifaa izimwe na kuwashwa ili kiombe upya. Na anayemudu kuinunulia ruta betri yake ndogo ya akiba amejiondolea mlango mzima wa matatizo.

Mgongano huohuo huletwa pia na mafundi, nao kwa nia njema vilevile. Fundi anafunga kamera za ulinzi, na ili kinasa picha kipatikane daima mahali pamoja, anakiandikia nambari kwa mkono, tuseme 192.168.1.108, asiangalie kwamba ruta inagawa kuanzia 100 hadi 149. Kinasa kikiwa kimewaka, aghalabu ruta huiona ile nambari ina mtu na kuipita. Siku kinasa kikizimwa, nambari inaonekana wazi, inapewa simu ya mgeni, na kinasa kikirudi kinakuta nyumba yake ina mkaazi. Printa zina kisa hichohicho. Njia mbili za kuukwepa mgongano huo ziko wazi kwa kila mwenye ruta: ama nambari ya mkono ichaguliwe nje ya fungu linalogawiwa, ama, na hii ndiyo bora, ruta yenyewe iamriwe kukiwekea kifaa fulani nambari fulani milele, ili daftari libaki moja na mwandishi abaki mmoja.

Kuna pia kwisha kwa nambari, jambo ambalo watu hawalidhani kwa kuwa nambari hazionekani kama maji ya kisimani. Fungu la 100 hadi 149 ni nambari hamsini. Nyumba ya watu sita haiwezi kuzimaliza siku za kawaida. Lakini uje msiba, au harusi, au jumuiya ikusanyike kwa sala, na neno la siri lipite mdomo kwa mdomo uani, simu hamsini huingia kabla ya adhuhuri. Muda wa kukodi ukiwa saa 24, kama ulivyo katika ruta nyingi, mgeni aliyeondoka saa nne asubuhi ameondoka na nambari yake mpaka kesho, na shangazi aliyefika jioni kutoka Kondoa anaona simu yake ikitafuta anwani bila kupata, ilhali uani wamebaki watu kumi. Tena tangu Android ya 10 ya mwaka 2019 na iOS ya 14 ya mwaka 2020, simu hazitoi kwa ruta nambari ya kiwandani ya redio yao, bali hujitungia nyingine kwa kila mtandao ili mwenye simu asifuatiliwe nyendo zake. Faragha hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila nambari ya kujitungia inapobadilika, ruta humwona mtu yuleyule kuwa mgeni mpya na kumkatia kiwanja kipya. Fungu lipanuliwe, nafasi ipo ya nambari zaidi ya mia mbili. Na siku za mkusanyiko muda upunguzwe uwe saa moja au mbili. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeujua mlango wa kuingilia.

Uhaba wa nambari hauishii ukutani mwa nyumba. Nambari za nje, zile zinazotambulika duniani kote, ni sehemu ya mpango wa mwaka 1981 wenye jumla ya nambari 4,294,967,296, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho mwezi Februari 2011. Mgawaji wa bara letu ni AFRINIC, yenye makao Ebène nchini Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Tangu Januari 2020 imekuwa katika awamu ambayo mwombaji hapewi zaidi ya nambari 1,024 kwa mara moja. Shirika hilo liliingia katika kesi nzito mwaka 2021 na mteja wake mmoja juu ya mamilioni ya nambari, akaunti zake za benki zikazuiwa, likawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama mwaka 2023, na uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ukabatilishwa kabla ya kurudiwa Septemba. Mgogoro uliohusu nani mgawaji wa halali na kilichogawiwa ni milki ya nani umelishughulisha bara zima, nao kwa asili yake hautofautiani na ule wa chumba cha nyuma. Athari ya uhaba huo kwetu ni kwamba kampuni nyingi huweka wateja wengi nyuma ya nambari moja ya nje. Na ndiyo sababu mtu aliyeko safarini Mwanza hushindwa kuziona kamera za nyumba yake ya Nkuhungu kwa njia ya moja kwa moja, hata kama ndani kila kitu kimepangwa sawasawa. Tiba ya kudumu ni IPv6, mpango mpya wa anwani ambao nambari zake hazihesabiki kwa akili ya kawaida, na ambamo kifaa hujipatia anwani kamili ya dunia kwa kutangaziwa tu na ruta mwanzo wa anwani hizo. Wateja tuidai kampuni zetu kwa sauti, kwa kuwa simu na ruta za siku hizi zimekuwa tayari kuipokea zamani.

Lakini dai langu kubwa nalielekeza karibu zaidi, kwa wale wanaokuja majumbani kuunganisha. Kaida iliyozoeleka ni kwamba fundi hufunga, huandika neno la siri la waifai katika kipande cha karatasi, hupokea sahihi, huondoka. Na neno la pili, lile la kuingilia katika mipangilio ya ruta, ama hubaki naye, ama hubaki lile la kiwandani linalojulikana na kila mtu, ama hufungwa kwa amri ya kampuni ili mteja asiguse kitu. Mteja anaachiwa bili ya kila mwezi na mashine asiyoweza kuiuliza swali. Hili si insafu. Hofu ya kampuni kwamba mteja ataharibu naielewa, na ina msingi. Lakini ruta ina kitufe cha kuirudisha katika hali ya kiwandani, na simu yao ya huduma ipo, kwa hiyo uharibifu wa mteja una tiba, ilhali ujinga wake aliolazimishwa hauna.

Naomba fundi asiondoke mpaka ameacha karatasi yenye mambo manne: nambari ya ruta, neno la siri la kuingilia mipangilio, fungu la nambari linalogawiwa kuanzia ngapi hadi ngapi, na muda wa kukodi. Ikae kwa mwenye nyumba, mahali pakavu, mbali na macho ya wageni. Na katika nyumba ya kupanga, mpangaji anayetaka kuongeza ruta yake, kamera yake au printa yake, aende kwanza akaisome pamoja na mwenye nyumba, nambari atakayoichukua iandikwe chini ya hizo nne, na siku atakapohama ikatwe mstari.